Nimeunga PC mwenyewe: nichukue Windows ya OEM, ya Retail, au nihamie Linux?

#1 Mchoraji wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kuunga mashine yangu: Ryzen 5 5600, bodi ya B550, ram 16GB, SSD ya NVMe 500GB, na kadi ya grafiki RX 580 ya mtumba. Inawaka, BIOS inasoma kila kitu. Kilichobaki ni mfumo endeshi.

Kazi zangu ni kadi za mwaliko, mabango na video za sherehe. Usiku dada yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ataitumia kwa hesabu zake kwenye Tally. Mungu akijalia, mbele ya safari nataka kuhamia AM5 (soketi ya prosesa mpya zaidi za AMD), kwa hiyo bodi hii si ya kudumu.

Nimezunguka maduka hapa Mwanza na kila duka lina jibu lake. Wa kwanza kasema chukua OEM, ni kitu kilekile ila nafuu. Wa pili kasema OEM ni ya viwanda, ukiiweka kwenye mashine ya kujiungia ni kosa. Wa tatu kasema lete flashi nikupigie Windows "full", elfu kumi tu. Mimi nataka kitu halali, nilipe mara moja, nikae nacho. Tofauti ya kweli ni ipi?

#2 BodiNaWaya
Hongera mkuu. OEM hufungwa kwenye bodi ya kwanza unayoiwekea, na ukihama bodi hiyo leseni unaiacha hapohapo. Retail inakufuata wewe: unaitoa mashine hii unaiweka ile, mradi isikae kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Umeshasema unakwenda AM5. AM5 inataka bodi mpya na ram za DDR5, maana yake OEM utainunua mara mbili. Chukua Retail. Uzi ufungwe.

#3 Daladala64
Ufungwe wapi na abiria ndiyo kwanza wanapanda?

Mkuu #2, hujamwambia kwamba OEM ukibadili hata ram au diski inajizima. Yalimkuta jirani yangu.

#4 BodiNaWaya
Hapana Daladala. Ram, diski, kadi ya grafiki, badili utakavyo. Kinachohesabiwa ni bodi. Na hata bodi yenyewe, maelezo ya Microsoft ni kwamba ikifa ukaweka nyingine kwa sababu ya ubovu, leseni inaendelea. Ukiibadili kwa kutaka kubwa zaidi, hiyo inahesabiwa kompyuta mpya.

Jirani yako alibadili diski, kwa hiyo alipiga Windows upya. Muulize kama mwanzo alikuwa na Home na fundi akampigia Pro. Leseni ya Home haiamshi Pro hata siku moja, na mafundi wengi wanatembea na flashi ya Pro peke yake.

#5 Daladala64
Nitamuuliza. Ila fundi aliyempigia ni mimi, na flashi ni ya Pro.

#6 Mama Stationari
😂😂😂 Kesi imeisha kabla ya ushahidi.

#7 Mtoto wa Mutrah
Salaam kutoka Muscat. Niongeze upande wa mashine za mtumba, maana nyingi zinazofika Dar na Mombasa zinapitia Dubai na naziona zinavyofungashwa.

Zile HP na Dell za maofisini zilizokuja na Windows 8 kwenda juu zina ufunguo uliochomwa ndani ya BIOS. Ukipiga Windows upya inausoma yenyewe, hata haikuulizi namba. Hiyo nayo ni OEM, ya kiwandani. Watu wanakosea hapa: wananunua desktopu ya mtumba, wanachukua kasha na pawa saplai, wanatupa bodi, kisha wanashangaa Windows haitambuliki. Stika iliyobaki kwenye kasha haikupi haki yoyote juu ya bodi nyingine.

Kwa hiyo kwa mwenye uzi: OEM ziko mbili. Ya kiwanda, ambayo huwezi kuinunua peke yake kihalali, na ya System Builder, inayouzwa kwenye bahasha kwa waunga mashine. Ukisikia "OEM" dukani uliza ni ipi.

#8 Sheria Mkononi
Hapo kwenye System Builder ndipo yule mwenye duka wa pili alipopata hoja yake, na si ya kubezwa. Enzi za Windows 7 masharti ya System Builder yalimtaka anayeunga mashine aiuze kwa mtu mwingine. Anayejiungia na kujitumia mwenyewe hakuwa na nafasi. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 ndipo wakaweka leseni ya matumizi binafsi kwa anayejiungia. Mengi yanayosemwa madukani leo ni mabaki ya enzi ile.

Jingine ambalo watu hawalisomi: kwenye OEM, mwenye wajibu wa kukusaidia ukikwama ni aliyeunga mashine. Sasa aliyeunga ni wewe. Ukipiga simu Microsoft wanaweza kukurudisha kwako mwenyewe.

#9 BodiNaWaya
Mkuu Sheria, nakubali historia, ila usimtishe mwenzetu. OEM inauzwa mchana kweupe kwenye maduka makubwa ya dunia kwa watu wanaojiungia, na inaamka bila tatizo.

#10 Sheria Mkononi
Kuamka ni jambo moja na kuwa halali ni jambo jingine. Hilo ndilo nitakalolisema kwenye uzi huu mpaka nichoke. Ile Windows ya elfu kumi nayo inaamka.

#11 Luthuli_Gadgets
Niko Nairobi. Bei ya Microsoft Marekani kwa Windows 11 ni dola 139 kwa Home na dola 199.99 kwa Pro. Zidisha kwa kiwango cha leo. Ukianza na Home kisha ukaona unahitaji Pro, kupanda ni dola 99, kwa hiyo kuanza na Home na kupanda baadaye kunakugharimu zaidi kuliko kununua Pro moja kwa moja. Amua mapema.

Malipo si kikwazo. Huku wengi tunalipa kwa M-PESA GlobalPay ya Visa tangu ije mwaka 2022, huko Tanzania pia kadi za mtandaoni zipo.

#12 Mchoraji wa Kirumba
Asanteni, naona mwanga. Ila dola 139 ni karibu bei ya prosesa yangu. Na hii Home inaruhusiwa kutumika kwa biashara? Niliambiwa ukikutwa na Home dukani unapigwa faini.

#13 Sheria Mkononi
Windows Home haina sharti linalokukataza biashara. Kilichokuwa na sharti hilo ni Office, toleo la Home and Student, lililoandikwa kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Watu wamechanganya majina.

Cha kujiuliza kuhusu Home na Pro ni unachokikosa. Home haikuruhusu kuingia kwenye mashine yako ukiwa mbali kwa Remote Desktop, haijiungi na domeini ya ofisi, na BitLocker kamili (ya kufunga diski ili asiye na ufunguo asisome) haipo, ingawa ina usimbaji wa kifaa, kufuli kama hilo ila jepesi zaidi. Mchora kadi hahitaji hayo. Dada akitaka kufungua Tally kutoka dukani huku mashine iko nyumbani, hapo Pro inaanza kuwa na maana.

#14 Pengwini
Post kumi na tatu na hakuna aliyesema Linux kwa uzito! Inaniuma, maana huyu ni mtu anayetaka kitu halali, alipe kidogo na akae nacho. Leseni ya kernel (kiini) ya Linux ni GPL toleo la 2. Mwandishi wake, Linus Torvalds, aliitoa kernel mwaka 1991, mwaka uliofuata akaiweka chini ya GPL. Leseni hiyo haiulizi bodi yako, haihesabu mashine, haina ufunguo. Unaruhusiwa kunakili, kubadili, kumpa jirani, hata kuuza. Sharti lake kubwa ni kwamba ukiisambaza, umpe na mwenzako chanzo cha programu na haki zilezile.

Linux Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na ina msaada mpaka 2029. RX 580 yako inafanya kazi siku ya kwanza, draiva za AMD zimo ndani ya kernel. Inkscape kwa kadi, Krita na GIMP kwa picha, Kdenlive kwa video.

Na jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, bure. Tungeendelea na moyo ule leo tusingekuwa tunauliziana bei za ufunguo.

#15 Mama Stationari
Pengwini nakuheshimu mwanangu, lakini mteja anakuja saa kumi na mbili jioni na faili la Photoshop kwenye flashi, harusi ni kesho. Nimwambie asubiri nijifunze Inkscape? Adobe hawatoi Photoshop ya Linux. CorelDRAW ya sasa hakuna. Na dada wa watu Tally yake inataka Windows.

#16 Pengwini
Shikamoo mama. Tally unaiweka ndani ya mashine pepe kwa VirtualBox, Windows ndani ya Linux. Kazi nyingine zote Linux.

#17 BodiNaWaya
Na hiyo Windows ya ndani ya mashine pepe nayo inataka leseni yake, mkuu. Tumezunguka tumerudi palepale, tena sasa ana mifumo miwili ya kuhudumia kwenye ram ya 16GB.

#18 Pengwini
Kweli inataka leseni. Lakini ataihitaji kwa programu moja, na mtandao anaweza kuifungia kabisa.

#19 Chapa Kazi
Mchoraji, kama video ndiyo inayokupa hela sikiliza hili. DaVinci Resolve ipo kwa Linux na watu watakusifia. Toleo la bure upande wa Linux halifungui video za H.264, wala sauti ya AAC, na simu na kamera nyingi za sherehe zinarekodi humohumo. Itabidi ubadilishe kila klipu kwanza. Upande wa Windows toleo la bure linafungua. Hili hakuna aliyeniambia kabla sijahama, na lilinila muda mwingi.

#20 Kijana wa Ngarenaro
Wakuu naomba niingize langu, linahusiana. Nilinunua ufunguo wa Windows 10 Pro mtandaoni kwa bei chee sana, nikapanda mpaka 11 bila shida. Imekaa vizuri muda mrefu. Karibuni nimewasha nakuta yale maandishi kona ya chini kulia yananitaka niaktiveti. Muuzaji hapatikani tena. Tatizo ni nini?

#21 Mkunazini
Ufunguo ulizuiwa. Hizo funguo za bei ya chipsi, nyingine hununuliwa kwa kadi za benki za wizi, mwenye kadi akilalamika benki inarudisha pesa, na Microsoft wanaufunga ufunguo. Aliyeumia ni wewe wa mwisho.

#22 Luthuli_Gadgets
Au ni ya KMS. Hii ni njia ya makampuni: mashine inaamshwa na seva ya ofisi na uamsho unadumu siku 180, unajihuisha kila inapoiona seva. Mtu akikuuzia kitu kinachotegemea seva yake, siku akizima seva nawe unahesabu siku. Fungua CMD andika slmgr /xpr. Ikikupa tarehe ya mwisho ni KMS. Ikisema ya kudumu, si KMS.

#23 Sheria Mkononi
Kuna la tatu, MAK. Huo ni ufunguo mmoja wa kampuni wenye idadi ya mashine. Mwajiriwa anauchomoa ofisini anauza rejareja kwa watu mia. Na watu wasichokijua, leseni za Windows za makampuni ni za kupandia toleo: kisheria mashine lazima iwe na leseni ya msingi kwanza. Kwa hiyo hata angeuziwa na mwenye kampuni mwenyewe, kwenye mashine ya kujiungia isiyo na Windows kabla, hapana.

#24 Baharia wa Hamburg
Niwatetee kidogo wauza funguo, si wote wezi. Huku Ujerumani mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwaka 2000 kwamba Microsoft haiwezi kumzuia mtu kuuza OEM bila kompyuta. Kisha tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Ulaya, kwenye kesi ya UsedSoft na Oracle, ikasema leseni ya programu ya kudumu iliyouzwa mara ya kwanza inaweza kuuzwa tena. Ndiyo maana huku ofisi zinazofungwa huuza leseni zao na bei inashuka. Ni biashara halali yenye risiti.

#25 Sheria Mkononi
Umeitaja kesi vizuri, Baharia, lakini imalizie. Mahakama ileile ilisema anayeuza lazima afute nakala yake, na kwamba aliyenunua leseni ya watumiaji wengi haruhusiwi kuikatakata na kuuza vipande. Wauza funguo wengi wanafanya hasa hicho kilichokatazwa. Halafu hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Huyu Kijana wa Ngarenaro, yuko Arusha, yuko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda programu za kompyuta, na mkataba alioukubali alipobonyeza "Accept".

#26 Baharia wa Hamburg
Nimekubali la kukatakata. La kwamba zote ni haramu sikubali.

#27 Kijana wa Ngarenaro
Nimefanya slmgr /dli. Imeandika RETAIL channel, herufi za mwisho za ufunguo 3V66T, hali yake Notification. Kwenye Settings kuna kodi ya hitilafu 0xC004F213.

#28 Mkunazini
3V66T! Huo si ufunguo wako, umezagaa mtandao mzima. Umeuziwa makopo.

#29 BodiNaWaya
Taratibu Mkunazini. 3V66T ni mwisho wa ufunguo wa jumla wa Pro. Windows huuweka yenyewe unapopanda toleo ukiwa na leseni ya kidijitali (Microsoft wanaikumbuka mashine yenyewe, huandiki ufunguo), na mashine nyingi halali zinaonyesha huohuo. Kwa Home utaona 8HVX7. Kwa hiyo herufi hizo hazituambii alinunua nini mwanzo, ufunguo wake wa asili umeshafunikwa.

Kodi ndiyo inasema kitu. Ufunguo uliozuiwa kwa kawaida hutoa 0xC004C003. Hii ya F213 maana yake haikuona leseni kwenye kifaa hiki, na mara nyingi huja baada ya bodi kubadilishwa. Kijana, mashine ilifunguliwa na mtu hivi karibuni?

#30 Kijana wa Ngarenaro
Ilikuwa haiwaki, nikampelekea fundi. Akasema amebadili pawa saplai na kusasisha BIOS. Bodi hakusema.

#31 Daladala64
Aaah. Hakusema.

#32 BodiNaWaya
Fungua PowerShell andika Get-CimInstance Win32_BaseBoard, itakupa mtengenezaji, modeli na namba ya bodi. Linganisha na stika ya boksi la bodi yako. Namba zikitofautiana, mashine yako ina bodi nyingine na fundi ana maelezo ya kutoa.

#33 Luthuli_Gadgets
Msimhukumu fundi wa watu. Mimi naona kusasisha BIOS kunatosha kuchanganya mambo. Zipo bodi ambazo namba za utambulisho zinafutika BIOS ikipigwa vibaya, zinarudi kuwa "To be filled by O.E.M." Kwa Microsoft hiyo inaweza kuonekana mashine nyingine kabisa.

#34 Mkunazini
Na mimi nabaki na langu. Microsoft wakiuzuia ufunguo wa asili wanaweza kufuta na leseni ya kidijitali iliyozaliwa nao. Kodi zina siku zake.

#35 Kijana wa Ngarenaro
Modeli inayoonekana ni ileile niliyonunua. Namba siwezi kulinganisha, boksi liko kijijini, mdogo wangu analifanyia kabati la vitabu. Nitamwomba apige picha.

#36 Mama Stationari
Wakati anasubiri kabati, ile njia ya akaunti hamumwambii?

#37 BodiNaWaya
Asante mama. Tangu toleo la 1607 la Agosti 2016 unaweza kuunganisha leseni ya kidijitali na akaunti yako ya Microsoft. Bodi ikibadilika unaingia Activation, unafungua Troubleshoot, unachagua kwamba umebadili vifaa karibuni, inakuletea orodha ya mashine zako. Ila uwe ulishaunganisha kabla mambo hayajaharibika. Mchoraji, hii ifanye siku ileile utakayonunua Retail, kabla ya kupiga programu yoyote. Siku ya AM5 itakuokoa.

#38 Sheria Mkononi
Na ukitumia akaunti hiyo, kuna la kuangalia. Windows 11 toleo la 24H2 likipigwa upya huweza kuwasha usimbaji wa kifaa lenyewe, hata kwenye Home. Ufunguo wa kurejesha unahifadhiwa kwenye akaunti. Ukipoteza akaunti kisha ukabadili bodi, kazi zako zote za wateja zinafungiwa ndani ya diski na hakuna fundi wa kuzitoa. Uandike ufunguo huo kwenye karatasi, karatasi iweke mbali na mashine. Leseni unaweza kununua nyingine. Video ya harusi ya mtu hairudiwi.

#39 Msafwa
Mbona mnamgharimu kijana wa watu? Tafuta kompyuta kuukuu yenye stika ya Windows 7, chukua namba, piga kwenye Windows 10, inakubali. Nimefanya nyingi.

#40 Luthuli_Gadgets
Ulifanya zamani, mkuu. Ofa ya kupanda Windows 10 bure kutoka 7 iliisha 29 Julai 2016, mlango wa nyuma ukabaki wazi miaka mingi, na Septemba 2023 Microsoft waliufunga rasmi. Na stika za zile kompyuta ni OEM, soma #7.

#41 Msafwa
Basi abaki Windows 10. Kipo kipya gani kwenye 11 zaidi ya menyu kuhamia katikati?

#42 Sheria Mkononi
Windows 10 msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Kwa watu wa nyumbani kuna nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa pointi 1000 za Microsoft Rewards. Hiyo ni ya kuwavusha wenye mashine za zamani. Ryzen 5 5600 inakubali 11 bila ujanja, na TPM (sehemu ya usalama ambayo 11 inaidai) iko ndani ya prosesa. Akiambiwa haipo, aingie BIOS aiwashe fTPM.

#43 Mkunazini
Kuna Windows 10 LTSC, toleo la makampuni lenye msaada mrefu, inakwenda mpaka 2032. Nyepesi, haina takataka.

#44 BodiNaWaya
Ya 2032 ni IoT Enterprise LTSC 2021 peke yake. Enterprise LTSC 2021 ya kawaida inaisha Januari 2027. Na zote mbili haziuzwi mojamoja kwa mtu wa nyumbani, kwa hiyo utakayemwona anakuuzia, rudi post #23.

#45 Daladala64
Swali la kizushi: kwa nini asipige macOS? Wachora wote wakubwa wanatumia hiyo.

#46 Sheria Mkononi
Leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye kompyuta za Apple tu. Kampuni ya Psystar ilijaribu kuuza mashine zake zenye macOS, ikashindwa mahakamani Marekani mwaka 2009. Na sasa hata kwa ufundi mlango unafungwa: macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel. Huyu ana AMD.

#47 Mtoto wa Mutrah
Nirudi kwa yule wa elfu kumi, maana hajajibiwa, na kwa vijana wengi ndiye anayeshinda. Hiyo "full" ni kreki, Windows iliyovunjwa kufuli la leseni. Desemba 2021 watafiti wa usalama wa Red Canary walieleza jinsi visimikaji bandia vya KMSPico vilivyokuwa vinabeba Cryptbot, programu inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Kila kreki inakuagiza uzime antivirasi kwanza. Kwenye mashine hiyo dada wa mwenye uzi anaweka hesabu za duka, na labda anafungua benki. Kuokoa dola 139 kwa kumpa mgeni ufunguo wa duka la dada, mimi sioni hesabu yake.

#48 Msafwa
Wengi tumetumia kreki tangu XP na hatujaibiwa.

#49 Mama Stationari
Hujui kama hujaibiwa, Msafwa. Aliyeiba nywila haachi mlango umevunjika.

#50 Chapa Kazi
Mchoraji, kama pesa haijatimia, pakua Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft, ruka sehemu ya ufunguo, endelea. Utaona maandishi kona ya chini na hutabadili picha ya ukutani, lakini programu zote zinafanya kazi na masasisho ya usalama yanakuja. Pesa ikitimia unaingiza ufunguo bila kupiga upya. Ila pakua Home kama unapanga kununua Home.

#51 Sheria Mkononi
Kwa majaribio ya kuhakikisha vifaa vinafanya kazi, sawa. Kwa kazi ya kulipwa miezi na miezi, mkataba unasema huna haki ya kutumia mpaka uwe na leseni. Narudia, kuamka na kuwa halali ni vitu viwili.

#52 Mchoraji wa Kirumba
Nashukuru wote. Nimeongea na dada. Atachangia nusu na tunachukua Retail. Tunasubiri kuamua Home au Pro kwa sababu ya hiyo Tally ya mbali. Linux Mint nitaiweka kwenye SSD ndogo niliyonayo nione Inkscape, Pengwini usinikimbie.

#53 Pengwini
Nipo. Piga Windows kwanza, Mint baadaye, ukianza na Mint, Windows itaifunika sehemu yake ya kuwashia. Ikiwezekana chomoa SSD moja unapopiga nyingine.

#54 Luthuli_Gadgets
Kwa Tally ya mbali si lazima Pro. Zipo AnyDesk na RustDesk, zinafanya kazi kwenye Home.

#55 Sheria Mkononi
AnyDesk ya bure ni kwa matumizi binafsi. Duka ni biashara. RustDesk ni chanzo huria, hiyo sawa, lakini mpangieni nywila ya kudumu iliyo ngumu.

#56 Kijana wa Ngarenaro
Picha ya boksi imefika. Stika imechubuka, zinasomeka tarakimu za mwisho tu. Nne zinafanana, ya tano naona kama 8 na mashine inasema 3.

#57 Mkunazini
Bodi ni ileile, 3 iliyochubuka inasomeka kama 8. Ufunguo ulizuiwa.

#58 Daladala64
8 iliyochubuka ndiyo inasomeka kama 3. Fundi kabadili.

#59 BodiNaWaya
Kijana, ondoa kasha la pembeni upige picha stika iliyo kwenye bodi yenyewe, huwa karibu na soketi za ram au ukingoni. Weka hapa picha zote mbili, namba za katikati uzifunike.